Maua ya Sageti Kabatini

Hasira haijanitoka. Shemeji, mdogo wa mume wangu, alipanda miche ndani ya kabati la nguo za mtoto wangu hapa kwetu ughaibuni, Arlington, akaiwashia taa. "Ni sageti, shem, ule mgagani, mboga ya nyumbani." Jani lina vidole vitano, nami mjinga nikaamini. Nikamwagilia, nikakata maua yote kama tulivyofunzwa, ili majani yazidi.

Jumapili nikaita kina mama wa kanisa waje wachume. Mama Pasta, msimamizi wa wauguzi pale ninapoomba kazi, alikuwa akinusa jani shemeji alipoingia.

"Nani amekata maua yangu?" Alilia kama aliyefiwa.

Mama Pasta akanigeukia. "Mama Nia, hakuna anayelilia maua ya sageti. Hii ni bangi, na mkulima ni wewe."