Shemeji Alijidai Ndiye Aliyeiunda Gari Yangu ya Magurudumu Sita

Mhariri, jina langu lifiche, ingawa watu wa Ng'ambo, mtaa wetu hapa mjini, wakisoma watanijua. Nna miaka thelathini na sita, fundi wa magari, nna mke. Mtoto sina. Nlimpata mmoja, akafa kabla hajalia, na huyo ndiye anayenifanya niandike.

Mama yangu alikuwa mtu wa Jambiani. Alipougua alibebwa kitandani, mabegani mwa watu, kwani gari za mjini haziyawezi mawe ya njia ya huko. Akafia njiani. Baada ya arubaini nikaanza kukusanya vyuma vya malori ya jeshi yaliyotupwa baada ya vita vikuu. Nikaunga ekseli mbili nyuma, magurudumu yakawa sita, bodi nikaichonga kwa mbao za mfenesi. Watu walinicheka. Siku gari ilipoyapanda mawe ya Jambiani, wanawake walipiga vigelegele.

Usukani nlimpa kaka yake mke wangu, maana udereva nimemfunza mimi. Kisha nikalazwa kwa homa ya matumbo. Kutoka, nakuta gari iko kwa tajiri mmoja wa karafuu karibu na Kizimbani, na shemeji, aliyempelekea na kubaki dereva wake, keshajitangaza kuwa kaiunda yeye. Nilipokwenda kuidai, akasema mbele ya watu kwamba mimi nilikuwa nikimshikia spana tu.

Nikanyamaza kwa ajili ya mke wangu. Baadaye naye, ana mimba kubwa, akashikwa na uchungu Jambiani kwa shangazi yangu. Ukamzidi. Watu wakamkimbilia shemeji. Akajibu kuwa tajiri ana wageni wa mandari, gari haiwezi kutiwa damu. Dada yake, tumbo moja! Mke wangu alipona. Mtoto hakupona.

Mwezi uliopita gari ikakwama shambani, shemeji akaja kuniomba kwa adabu. Nikenda. Mbele ya tajiri nikamwambia, "Wewe ndiye uliyeiunda. Nionyeshe propela iko wapi."

Akaonyesha bomba la moshi.

Nikaingia chini ya gari, nikaifungua propela, kile chuma kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma, nikaitia begani nikaondoka. Shemeji akafukuzwa siku ile ile. Wallahi nililala usingizi mtamu.

Sasa tajiri, baada ya kuujua ukweli, kanirudishia gari, na watu wa Jambiani wananisihi niifufue, wapate kuwaleta wagonjwa wao mjini. Lakini homa imeniachia kizunguzungu, siwezi kuendesha, na dereva anayeyajua mawe yale ni shemeji peke yake. Anakula kwa watu, na mimi nafurahi. Jana mke wangu akaniuliza, "Yeye ushamlipiza. Sasa unamlipiza nani?"

Propela iko uvunguni. Nikiifunga, shemeji atakaa usukanini, pale pale alipokaa siku aliyomkataa mwanangu. Nisipoifunga, mama wa mtu mwengine atabebwa kitandani. Nishaurini jamaa, nifanye nini? Ila msinambie nimsamehe. Hilo sikuuliza.