Mwezi Uliopungua Ndani ya Objektifu

Mimi nilisoma mupaka mwaka wa tatu wa primaire, basi. Foto nilijifundisha mwenyewe, na miaka ile ya Zaïre hakuna mutu wa mutaa wetu wa Cimpunda aliyeoa bila mimi kumupiga foto. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi wa shule moja ya Nguba aliponitafuta, sikushangaa.

Wanafunzi wake walikuwa wanamubishia. Aliwaambia mwezi unaotoka nyuma ya milima ya Rwanda uko sawasawa kwa ukubwa na ule wa juu ya kichwa, ni macho tu yanadanganya. Wakakataa. Akaniomba foto mbili, zote za saa kumi na mbili jioni: nusu ya mwezi ukiwa juu kabisa, kisha, baada ya wiki moja, mwezi muzima ukiwa chini kwenye milima. Objektifu yangu, ile lenzi ya mbele ya apareyi ya foto, ilikuwa ya kuvuta: bomba likitoka mbele, kitu kinakaribia, likirudi, kinaenda mbali na namba za juu yake zinapungua.

"Iweke kwa namba mia mbili," alisema, "usiiguse tena."

Sikuigusa. Nilipeleka foto darasani, akazibandika ubaoni bila kuzipima.

"Prof, ona! Ya Rwanda njo mukubwa!"

"Mara mbili, Prof! Macho yetu haikudanganya!"

Kweli, nusu ile ya juu, toka ncha mupaka ncha, ilikuwa ndogo. Nyumbani niliiona na sikushituka, maana mimi pia niliamini kama wale watoto.

Mwalimu akanigeukia. "Citoyen, uligusa objektifu."

"Sikugusa."

"Basi mwezi ilijipunguza yenyewe?"

Darasa zima likacheka. Akaniambia kwa sauti ya chini: kama kesho sina maelezo, foto zote za shule anampa fundi mwengine, mwenye diplome. Habari kama hiyo ingefika Cimpunda mbele yangu.

Nyumbani nilianza na mashine ya kukuzia foto. Haikusogea. Nikaangalia negatifu zenyewe: mwezi mumoja kama kichwa cha kiberiti, mwengine kama kichwa cha espingle, pini ya kushonea. Basi ubaya uko ndani ya apareyi. Nikaiweka mezani kwa mia mbili, nikanywa chai yote. Bomba halikusogea. Nikaielekeza kwenye paa ya jirani. Wapi!

Bibi yangu, mama ya watoto wangu, akapita na beseni ya nguo. "Baba batoto, ile mwezi ilikuwa kwa paa ya jirani?"

Nilimukaripia. Halafu nikaigeuza apareyi, ikaangalia juu. Bomba likaanza kushuka polepole kwa uzito wake. Mia moja hamsini. Mia moja. Likasimama karibu na makumi nane. Bibi sikumuambia asante.

Asubuhi, mbele ya darasa, nikaielekeza objektifu kwenye dari, nikaweka mikono nyuma ya mugongo. Kulikuwa baridi. Bomba halikushuka.

"Papa, tungoje mupaka récréation?" mwanafunzi mumoja akauliza.

Mwalimu alikuwa amekwisha kuchukua chaki. Nikajua: grisi ya ndani ya bomba imeganda. Nikalishika bomba kwa viganja viwili, nikalipasha moto, nikaachia. Likakaa. Kisha likashuka, namba kwa namba, na watoto wakazisoma kwa sauti mupaka mwisho.

Mwalimu hakucheka. "Sawa. Lakini ulikuwa na jicho kwa viseur, kile kidirisha cha kuchungulia. Haukuona inapungua?"

Hilo nilikuwa nimeliogopa usiku kucha. Ningeweza kudanganya. Foto nyingi nimepiga, na kila mutu pale alikuwa mutoto kwangu; wangeniamini.

"Nilipima mara moja kwa viseur, apareyi nikaiacha ikiangalia juu," nikasema. "Nikaangalia mwezi kwa macho yangu, nikabonyeza. Ndani ya viseur sikuangalia tena."

Sijawahi kusema neno zito vile mbele ya watu.

"Ifunge," mwalimu akasema, "na urudilie ile ya juu."

Nilikata kipande cha chambre à air, ule mupira wa ndani ya gurudumu la baiskeli, nikalibana bomba mupaka likakataa kusogea. Nusu ya mwezi iliporudi, jicho langu halikutoka kwa viseur. Mwalimu alipima foto mbili kwa rula, mbele ya wote. Zilikuwa sawa.

Juma iliyofuata nilipiga foto za kadi za shule nzima. Watoto walikaa mumoja mumoja, na nilimuangalia kila mumoja ndani ya viseur mupaka anauliza: "Papa, bado?"