Mke wangu aliniita porini, nikanyamaza makusudi

Wakuu, kuna "twende" moja ya rafiki yangu ambayo leo ningeijibu hapana. Siku ile niliitikia, na ndiyo imenifikisha kuandika uzi huu.

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa. Sitaongeza chumvi, yaliyotokea yanatosha.

Mimi ni mkulima upande wa Ikoma, si mbali na geti la hifadhi. Msitu wa kijiji chetu umechongwa njia mpya ya kutembea kwa miguu, vijana wanaiita trail. Kabla wageni hawajaanza kuja, wanakijiji tuliruhusiwa kuipita bure.

Aliyetaka ni mke wangu, Mama Bhoke.

"Baba Bhoke, tangu unioe tumeongozana shambani, msibani na kliniki. Safari hii twende tukatembee tu."

Nilicheka. Kutembea bila kwenda popote! Lakini nikamwahidi tutakwenda pamoja.

Akavaa gauni la kanisani na raba za binti yetu, zilimzidi kidogo.

Tulianza vizuri. Alinionyesha mti ambao bibi yake alikuwa anachemsha magome kwa watoto wanaoumwa tumbo, akaigiza wanavyokunja sura wakinyweshwa. Nilicheka mpaka nikasimama. (Niseme ukweli, nyumbani huwa tunaongea habari za ng'ombe na chumvi imeisha.)

Tukafika njia panda. Kulia ni mzunguko mfupi, kushoto unapanda mlima. Hapo tukamkuta Chacha, rika langu, tumekua pamoja.

"Mura, kijana mzima, leo unachungwa?" akasema. "Mama, mrudishe zizini kabla ya jua kuzama!"

Mama Bhoke akacheka. Mimi sikucheka.

"Kama miguu bado ni yako, twende mlimani."

Nikasema twende.

"Haya, ila taratibu," mke wangu akasema, akatufuata.

Huku kwetu mwanaume hutangulia, mke akafuata nyuma. Zamani ilikuwa na maana yake, aliye mbele ndiye anayekutana na nyoka. Siku ile nilitangulia kwa ajili ya Chacha tu.

Tukapandisha kwa mbio za wazee. Punde nikasikia nyuma, "Baba Bhoke! Nisubirini!"

Chacha akanitazama. "Mwenye ng'ombe anaita."

Nikanyamaza.

Akaita tena. Wakuu, nilisikia vizuri, upepo ulikuwa unatoka kwake. Nikaongeza mwendo.

Kumbe alipoona kimya alidhani tumekata kona kwa njia ya ng'ombe iliyo pembeni. Akaishika ili atuwahi. Mawe yakateleza, akaangukia korongoni.

Sisi tulifika juu, tukakaa tukisifiana. Alipochelewa kutokea tukashuka kumtafuta.

Niliita mara moja tu. Akaitika hapo hapo, "Niko huku, Baba Bhoke."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Tukaita watu, wakambeba kwenye blanketi mpaka barabarani.

Hospitali, baada ya operesheni, aliniuliza jambo moja.

"Ulinisikia?"

Ningeweza kusingizia upepo. Nikasema nilisikia. Akageukia ukutani.

Binti yetu Bhoke ameolewa Tarime mjini, akamchukua mama yake amuuguze. Alipoanza kutembea na fimbo nikapanda basi kumfuata. Akanipikia ugali, akaniwekea na maji ya kunawa. Halafu akasema mbele ya binti yetu, bila hasira:

"Baba Bhoke, nimezeeka. Nitaanguka tena siku moja. Nataka siku hiyo niwe kwenye nyumba ambayo nikiita naitikiwa."

Nikarudi Ikoma peke yangu.

Chacha anakuja jioni, ananiambia wanawake hurudi. Simlaumu. Yeye alitania tu, kunyamaza nilinyamaza mimi.

Vijana, mkeo akikuita, itika. Hata kama mmegombana, hata kama wenzako wanakucheka. Kicheko cha Chacha kiliisha kabla hatujafika juu.

Aliyepitia kama haya aseme alifanyaje. Na wa kunisema aniseme, nitasoma zote.

Ila msinishauri kutuma wazee. Wameshakwenda, na mchungaji wa kanisa letu ameshakwenda, jibu ni lile lile. Mke wangu yuko hai, anaendelea vizuri, na nimempoteza.