Shingo Haikujua Kwamba Ni Nywele

Ninafundisha wauguzi, na kila mwaka nachora ubongo ubaoni. Juu naandika sehemu inayojua majina na tarehe. Katikati, ile inayoogopa na kupenda. Chini, pale unapokutana na shingo, ile inayopumua na kukimbia bila kumwomba mtu ruhusa. Wanafunzi wanadhani nimeyatoa vitabuni. Vitabu nilivisoma baadaye, tena kwa kiburi kidogo, maana sehemu kubwa nilikuwa nimeshaiona uani kwetu Ipagala, mama akiwa na mkasi.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa bado kijijini kwenye tembe, nyumba ya udongo mpaka paa. Mvua ilinyesha siku tatu, paa likanywa maji hadi likalemewa. Mchana wa siku ya tatu nilikuwa nimelala ndani, karibu na ndama tuliowalaza humo. Mama aliona udongo ukianza kunidondokea kisogoni, punje punje, na kabla hajanifikia paa lote likashuka. Ndama walikufa. Mimi alinifukua kwa mikono. Hayo yote niliambiwa. Mwenyewe sikukumbuka chochote, na nilikuwa nikiwasimulia wenzangu huku nacheka.

Tukahamia mjini, mtaa wa Ipagala, chumba cha kupanga chenye bati. Ndiyo miaka mitumba iliporuhusiwa na kila mwenye nguvu akawa mfanyabiashara. Mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani, aliuza magauni ya Ulaya kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kigogo, na wateja walimcheka huku wakinunua. Nikachaguliwa kwenda sekondari, wa kwanza katika ukoo wetu, awe msichana au mvulana. Mama alitembea mtaani wiki nzima kama mtu aliyenunua basi.

Shule ya msingi walituacha tusuke; sekondari ilitaka nywele fupi. Jumatatu ya kwanza mwalimu wa zamu alinirudisha nyumbani. Kwa kinyozi, mashine ilipita mara moja, nywele zikaniangukia kisogoni, nikajikuta nje, ng'ambo ya mtaro, na kitambaa cha kinyozi shingoni. Sikukumbuka kuinuka. Nikaona haya, nikarudi, nikakaa. Ikawa vilevile. Kinyozi akasema nina pepo, nipelekwe kwa mganga. Jumanne mwalimu akasema mwisho ni Ijumaa. Nisipokuja nimenyolewa, nafasi yangu atapewa mwingine.

Nililia kwa hasira. Kichwa changu kilikuwa kizima: kilijua hizi ni nywele, kilijua niko Ipagala, kilijua hesabu kuliko wavulana wote niliomaliza nao darasa la saba. Shingo haikujua lolote kati ya hayo.

Mama hakunipeleka kwa mganga. Alinikalisha uani, akaniuliza nywele zinapoanguka nasikia nini.

"Sisikii kitu, Mama. Nashtukia nimeshakimbia."

Akachota udongo mkavu. "Basi tuanze na huu."

Akanipa nijimwagie mwenyewe mkononi, halafu begani. "Tazama juu. Kuna paa?"

"Hakuna."

"Mwaga tena."

Siku tatu tulifanya hivyo, biashara imefungwa, majirani wakituchungulia na kutikisa vichwa. Hakuna aliyemfundisha. Leo watu wanasafiri mbali kwenda kusomea jambo hilo, na mimi ni mmoja wao.

Ijumaa alfajiri udongo ulikuwa umefika begani tu, kisogo bado, na siku zimekwisha. Nikakaa chini, yeye nyuma yangu na mkasi. Nywele za kwanza zikaanguka. Nilipojitambua nilikuwa kwenye uzio.

Nikageuka. Mkasi ulikuwa umetupwa. Mama alikuwa amepiga magoti pale nilipokuwa nimekaa, anafukua. Anafukua ardhi ngumu kwa mikono miwili, haraka haraka, kucha zimejaa udongo, macho wazi, na hanioni. Nilimwita. Hakusikia. Miaka yote ile nilidhani aliyefukiwa ni mimi peke yangu. Kumbe yeye alikuwa bado ananitafuta.

Nilirudi nikakaa ndani ya kile kishimo, nikaishika mikono yake, nikaiweka kichwani kwangu.

"Mama, nipo hapa. Umeshanitoa."

Aliitazama mikono yake kwa muda mrefu. Kisha akaufuta mkasi kwa khanga. "Tulia basi," akasema, "tutachelewa."

Shingo haikuwa imeelewa. Kila nywele zilipoanguka miguu ilitaka kuondoka, na jasho lilinitoka mpaka gauni likalowa mgongoni. Nikabaki. Usije ukaniita shujaa. Nilijua nikiinuka ataanza tena kufukua.

Shuleni mwalimu wa zamu alinizunguka mara mbili. Kichwa changu kilikuwa mabaka matupu, huku kipara, huku kichaka. Wasichana wakaanza kucheka.

"Nani kakunyoa hivi?" akauliza.

"Mama yangu," nilisema, kwa sauti ya kufika mstari wa nyuma, nikaingia darasani.