Handaki la Kwenda Bukavu

Nikisikia harufu ya simenti mbichi, hata leo, mimi hubadili njia. Mnisamehe, wenzangu; najua wengine huwakumbusha furaha ya nyumba mpya.

Chini ya soko letu la Kamembe, upande wa Rwanda, kulikuwa na handaki la mawe, walilolijenga Wabelgiji ili maji ya mvua yapite. Mtoto aliweza kusimama ndani. Sisi batoto ba mtaani tulijua habari zake zote: linapita chini ya nyumba, chini ya mto, linatokea Bukavu, ng'ambo, Kongo. Nani alitwambia? Hata sijui. Tulizaliwa tukaukuta uongo huo, tukaulea.

Basi mwaka mmoja mpaka ulifungwa, Maman akiwa ng'ambo na vitenge vyake. Kila jioni naona taa za Bukavu, pale tu, na mama simwoni. Asubuhi moja, nilipochoka kulia, nilichukua kipande cha muhogo, nikaingia.

Ndani palinuka matope na panya. Nilipapasa ukuta mpaka mwanga ukapotea nyuma yangu, kisha nikagonga mwamba. Lo! Handaki zima liliishia kwenye bomba ambalo hata paka asingepita.

Wenzangu walioniona nikiingia walikuwa wamekwisha kumwita Papa. Papa alikuwa fundi mwashi, mtu wa kutembea juu ya kuta bila woga, lakini siku ile alisimama mlangoni akashindwa kuingia. Aliniita tu, hadi nikatoka. Nilijikaza nikingoja fimbo. Akakaa matopeni, akalia.

"Haifikake Bukavu," alisema. "Haifikake fasi yoyote."

Mchana uleule alikoroga simenti akaliziba kwa matofali, akiacha tundu dogo la maji. Akainama pale tunduni, akasoma Fatiha. Nami nikadhani anamshukuru Mungu kwa kunipata.

Nilishakuwa mtu mzima aliponieleza. Wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, Kalisa, rafiki yake tangu utoto, alikimbilia mle na mke wake. Waliokuwa wakiwawinda hawakujisumbua kuwafuata. Walikaa mlangoni wakangoja; Kalisa na mkewe hawakupona.

"Ni mimi njo nilimuambiaka inatokea Bukavu," Papa alisema. "Tulikuwa bado batoto. Akaniamini."

Hivyo ndivyo nilivyomjua aliyeuanzisha uongo wetu. Alikuwa mtoto tu, akitaka kumfurahisha mwenzake.