Kilomita Elfu Saba na Gauni la Bi Mkoba

Binti yangu ananisumbua niandike habari hii, eti moyo utapoa. Nani kamwambia nataka upoe?

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alipokufa aliniachia chumba kimoja, cherehani ya miguu na huyo binti. Nikamlea kwa sindano. Kila mteja alipata nguo yake siku niliyomwambia. Mafundi wenzangu walinicheka, wakasema naiharibu kazi.

Binti akaolewa, wakahamia mji wa ng'ambo. Alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza, mumewe akatuma habari: ana uwezo wa tiketi ya mama mmoja tu. Nilitaka niende mimi, nimpokee mjukuu kwa mikono yangu. Ndipo akaja mama yake huyo mkwe wangu. Tunamwita Bi Mkoba, maana mkoba hauachi hata akienda chooni.

"Dada yangu, kule ni mbali mno," akaniambia, mkono begani mwangu. "Ndege inakwenda siku tatu. Kwa miguu yako hiyo? Utashushwa kwa machela."

Nikaamini. Yeye alishapanda ndege. Mimi nilikuwa naiona tumbo tu ikipita juu. Akaenda yeye, akambeba mjukuu wangu kabla hata hajafumbua macho, akampa na jina.

Mwaka uliofuata akaja mhudumu wa ndege kupunguziwa sketi. Nikamuuliza habari za mji ule, pini zimenijaa mdomoni.

"Kule? Naenda leo jioni, mama. Kesho asubuhi nakunywa chai huko."

"Si siku tatu?"

Akacheka mpaka sketi ikamponyoka. "Siku tatu si utaizunguka dunia! Ni kilomita elfu saba, saa tisa hewani. Unakula, unasinzia, umefika."

Usiku mmoja! Pini nikazitema zote. Sikulia. Bi Mkoba sikumwambia neno, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Wiki ileile nikaenda kuomba pasipoti.

Mimba ya pili ilipokaribia miezi tisa, mkwe wangu akasema tena: tiketi ni moja, aje mama atakayekuwa tayari. Bi Mkoba akaniletea kitambaa cha zambarau.

"Siwezi kushuka kwenye ndege na gauni kuukuu, watu watanionaje? Likiisha tu, namwambia mwanangu akate tiketi."

"Njoo Ijumaa," nikamwambia.

Ijumaa nikasema vifungo havijafika. Ijumaa ya pili, bitana imepungua.

"Hata wewe, dada?" akalalamika.

"Mafundi ndivyo tulivyo."

Hakushuku kitu. Nani humshuku fundi kwa kusema njoo kesho? Alipotoka tu mlangoni nikampigia simu mkwe wangu: "Mwanangu, mimi niko tayari."

Ijumaa ya tatu akakuta kufuli. Akanipigia akihema. "Uko wapi? Gauni langu liko wapi?"

"Gauni liko mezani, bado mikono. Mimi niko huku, mjukuu ananicheulia maziwa begani."

"Umeniibia safari!"

"Kumbe inauma? Mkuki kwa nguruwe, dada."

Akakata simu. Hajanisemesha mpaka leo, na usingizi wangu ni mtamu.

Siombi radhi. Wewe unayesoma, kama unamfahamu Bi Mkoba, msomee haya kwa sauti mbele ya majirani zake, usiruke hata neno. Kisha uje unieleze uso wake ulikuwaje.