Jiko Lisilomfukuza Nakhungu

Jirani yangu hapa Bungoma, Nakhungu, hutengeneza makaa kwa magunzi ya mahindi. Juzi mgeni mmoja mwenye daftari alimuuliza ni nini kilichomsukuma kuanza. Nadhani alitarajia habari za misitu.

"Mkwe wangu," Nakhungu alijibu.

Nami nilikumbuka. Kwetu, mama mkwe hagusani na mume wa binti yake. Hata kukutana naye ana kwa ana ni aibu. Kibiwott, aliyemwoa Nabwile, ametoka kijiji kiitwacho Kwanza, upande wa Kitale, na hakuwa ameyazoea hayo. Alikuja mara ya kwanza msimu wa mvua. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukajaa jikoni, na Nakhungu akachomoka nje macho yamefumbwa, mwiko mkononi, moja kwa moja hadi kifuani kwa mkwe wake. Mtoto wa watu akamkumbatia asianguke.

"Pole, Mama!"

Ukelele alioutoa Nakhungu sijausikia hata msibani. Baadaye akamwambia binti yake, "Asirudi hapa mpaka nipate jiko lisilonifukuza."

"Basi na mimi sirudi," Nabwile akajibu. Naye ndiye mtoto wake wa pekee.

Nyumba ikawa kimya. Nakhungu akaanza kuchoma magunzi kwenye pipa, akayaponda, akayakanda kwa kiporo cha ugali ili yashikane, akayaanika. Kufika saa sita kuku walikuwa wameyala.

"Si uwauzie na jiko," nilimtania. Hakucheka. Mara ya pili aliyakanda kwa udongo wa kichuguu, na kuku wakanusa tu.

Mwezi wa nane akawaita. Kibiwott aliketi sebuleni. Mimi na Nakhungu tulijifungia jikoni na sufuria ya kuku. Kupitia ukuta tukamsikia akinong'ona:

"Nabwile, sioni moshi. Ati wanapika na nini? Si twende tukule Kitale, bana."

Nakhungu alinitazama kama mtu aliyefiwa. Kisha akararua kipande cha jani la mgomba, akakitupa motoni. Moshi ukafuka.

"Eh! Sasa wanapika," Kibiwott akasema, na kiti kikatoa mlio alipoketi vizuri.

Tulikohoa, tukatokwa machozi, lakini Nakhungu hakutoka.

Gunia la kwanza la makaa yake lililofika Kitale kuuzwa lilibebwa na Kibiwott. Nakhungu hakumpa mkononi. Aliliacha njiani, akajificha nyuma ya migomba kuhakikisha amelichukua.